Zamu Isiyopokelewa

Haya alinisimulia Winnie Lufkin mwenyewe, jikoni kwake Harwich, mji wa bandari Uingereza, Oktoba ya mwaka themanini na nne, tukimenya tufaha za kupikia jemu. Alianza Jumanne, akanyamaza wiki nzima, akaja kumalizia Jumanne ya pili. Mumewe Percy wakati huo alikuwa ameshazikwa miaka mitatu.

Mwaka wa sitini na saba, yalipotokea haya, kila nyumba yenye kijana pale mjini ilikuwa na redio inayosikiliza baharini. Redio ya serikali ilikuwa na mambo yake ya watu wazima: hotuba, bustani, bendi za polepole. Muziki wa vijana waliutoa kama dawa ya kikohozi, kijiko asubuhi na kijiko jioni. Basi wakatokea watu wenye fedha, wakanunua meli kuukuu, wakasimamisha mlingoti mrefu katikati, wakatia nanga nje ya mpaka wa nchi, maili tatu na kitu, wakapiga santuri kutwa kucha. Sheria haikuwafikia huko. Meli moja iliitwa Grietje, redio yake Redio Petrel, na sauti yake ya asubuhi ilikuwa ya Des, mtoto pekee wa Winnie na Percy.

Hewani Des alijiita Dusty Marlow. Kule kila mtu alijipachika jina. Winnie hakulipenda.

"Lufkin lina kasoro gani?"

"Mama, Lufkin ni jina la muuza samaki."

"Babu yako alikuwa muuza samaki."

"Si ndiyo nasema!"

Alianza saa tatu asubuhi mpaka saa sita mchana. Kwanza alisema hali ya hewa aliyoiona kwenye dirisha lake la duara, maana hakuwa na nyingine ya kusema. Kisha santuri, na kila baada ya santuri mbili akataja saa. Saa ya ukutani jikoni kwa Winnie ilikuwa imesimama tangu Pasaka na hakuna aliyeshughulika kuitengeneza. Mkate aliuingiza ndani ya jiko kwa sauti ya Des na akautoa kwa sauti ya Des.

Percy naye alikuwa na boti. Mara mbili kwa wiki aliipelekea Grietje maji, dizeli, nyama, magunia ya barua za wasichana, na watu wa zamu. Wiki mbili baharini, wiki moja nyumbani. Na melini kulikuwa na kanuni moja ambayo Kapteni Huizinga, Mholanzi, aliishika kama sala: hakuna anayeshuka kabla miguu ya mpokeaji wake haijakanyaga sitaha. Kanuni hiyo ilitoka kwenye dhoruba ya Februari, walipobakia watu watatu melini kwa siku kumi na moja, mmoja wao akavunjika mkono mitambo ikimshinda.

Ndipo ikaja sheria. Kuanzia saa sita ya usiku wa Jumatatu, tarehe kumi na nne Agosti, raia yeyote atakayetangaza kwenye meli hizo, au kuzipelekea hata mkate, anaweza kufungwa miaka miwili. Na serikali hiyo hiyo ikasema kwamba mwisho wa Septemba itafungua redio yake ya vijana, muziki kutwa, na inatafuta watangazaji. Watawapata wapi, kama si baharini? Lakini mjini watu walisema hawatamchukua mtu aliyeivunja sheria.

Jumamosi barua ikafika kutoka London. Bwana D. Lufkin aje kwa usaili Ijumaa, tarehe kumi na nane, saa nne asubuhi. Winnie aliisoma akiwa amesimama, akaisoma akiwa ameketi. Jumatatu asubuhi akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti la Percy, akaufunga kwa pini.

"Hii ndiyo safari ya mwisho," alimwambia. "Sitaki maelezo jioni. Nataka mtoto."

"Na mimi nataka nini, paka?"

Mpokeaji wa Des alikuwa Crispin Yeldham, kijana wa kutoka bara, mbali na pwani, mwenye viatu vya ncha kali, aliyesema sheria haimtishi. Alitakiwa gatini saa mbili. Saa tatu hajaonekana. Percy alipiga simu nyumba aliyopanga, mama mwenye nyumba akajibu kwamba Bwana Yeldham alikwenda London jana na sanduku lake, na hakuaga vizuri. Percy akaondoka bila yeye.

Alasiri alirudi na watu wanne, mafundi na wapishi ambao wapokeaji wao walikuwa wameshapanda. Winnie alikuwa gatini tangu saa nane.

"Yuko wapi?"

"Crispin hakuja."

"Sikukuuliza habari za Crispin."

"Kapteni kakataa, Win. Na Des mwenyewe kakataa. Kasimama ngazini na barua mkononi, kaniambia, baba, sishuki kabla hajapanda mtu. Nikishuka, Lonnie anabaki na kila kitu peke yake." Lonnie alikuwa Mmarekani, sheria haikumhusu. "Waholanzi wanaleta boti yao Alhamisi na watu wapya. Alhamisi jioni yuko kwako, Ijumaa yuko London."

"Na kesho saa tatu? Akifungua mdomo tu, kazi hana!"

"Kasema nisihofu. Hatasema neno, ameshalipanga."

Hayo Percy aliyasema. Ambalo hakulisema ni kwamba Des alisimama pale ngazini ameshika tumbo, na uso umepauka kama mshumaa. "Ni samaki wa juzi, baba," alimwambia. "Usimwambie mama, atakuja huku kwa makasia." Percy akacheka, akafungua kamba.

Na aliporudi alifanya jambo moja la akili, ndivyo alivyoona. Hakuifunga boti gatini mbele ya macho ya wakaguzi. Aliwashusha watu, kisha akaipeleka nyuma ya mji, kwenye kijito cha matope, akaificha kati ya mabaki ya majahazi ya zamani. Huko boti huelea maji yakijaa. Yakitoka, hukaa juu ya tope kama bata.

Jumanne saa tatu, Winnie alifungua redio ili asikie kimya. Akasikia:

"Hamjambo nyote, Dusty Marlow hapa, na bado tupo, tupo, tupo!"

Mwiko ulimtoka mkononi. Percy alisimama mlangoni, buti moja mguuni, moja mkononi.

"Mjinga wa watu! Kaniahidi! Kaniahidi uso kwa uso!"

"Si ulisema kalipanga?"

"Kalipanga la kwenda jela!"

Jirani yao Ivy hakuchelewa. Alitoa kichwa juu ya ua, vibanio vya nywele vikiwa bado kichwani.

"Shoga, kumbe nyumba yako sasa ina jambazi. Nikija kuazima sukari nije na polisi?"

"Njoo na sukari yenyewe, Ivy. Ile ya mwaka jana bado naingoja."

Walicheka wote wawili, lakini Winnie aliporudi ndani machozi yalikuwa karibu. Alijituliza kwa jambo moja: sauti ilikuwa nzima. Ilicheka, ilitania wasichana wa Clacton, iliimba kidogo pamoja na santuri. Kazi imepotea, sawa, kazi zipo nyingine. Mtoto mzima. Siku hiyo mkate uliungua, akaona ni hasira.

Jumatano ukungu ulipanda kutoka baharini, mzito, hata ua wa Ivy haukuonekana. Honi ya bandari ililia tangu alfajiri. Saa tatu Winnie akaketi kabisa mbele ya redio, anangoja Des aseme juu ya ukungu huo. Des alikuwa mtu ambaye shakwe akikohoa angetangaza.

"Hamjambo nyote, Dusty Marlow hapa!"

Ikapigwa santuri. Nyingine. Ukungu hakuutaja. Winnie akangoja saa. Santuri ya tatu, ya nne, ya tano. Des anatania, anacheka, anasoma barua za mashabiki. Saa hataji. Winnie akageuka, akalitazama jiko la mkate, akakumbuka ule wa jana ulivyoungua.

"Percy. Njoo hapa. Huyu hayupo."

"Hayupo nani?"

"Des. Sikiliza. Hawezi kukaa ndani ya ukungu kama huu asiuseme. Na tangu jana hajataja saa hata mara moja. Hii ni kanda. Alirekodi mapema, kabla ya sheria kuanza."

Percy akasikiliza, mdomo wazi. Kisha akapiga goti kwa kiganja, akacheka. "Ala! Kumbe ndiyo mpango wenyewe! Mdomo wake safi! Ijumaa anaingia pale, anawaambia, mimi tangu Jumatatu sijasema neno. Win, huyu mtoto ana akili kuliko—"

Kicheko kikakatika. Kama sauti ile ilikuwa kanda, basi haikuwa ya leo wala ya jana. Ilikuwa ya Jumamosi, au Jumapili. Tangu Jumatatu alipomwona ameshika tumbo, hakuna aliyemsikia.

Winnie alikuwa mkewe miaka ishirini na sita.

"Nini?" aliuliza.

Percy akamwambia.

"Tumbo upande gani?"

"Huku. Kulia."

Winnie alisafisha wodi hospitalini miaka sita wakati wa vita na baadaye. Hakuhitaji daktari kumwambia kidole tumbo ni nini, wala siku mbili ni nini.

"Toa boti."

"Win, ni miaka miwili. Na boti wanaichukua."

"Toa boti, Percy."

"Ngoja basi niende nikawaulize polisi. Pengine kwa mgonjwa—"

"Ukiwauliza watasema hapana. Wakishasema hapana utafanya nini? Utatoka mbele yao? Asiyeuliza hajakatazwa. Chukua koti."

Percy akachukua koti. Winnie akabeba mablanketi mawili na ile redio ndogo ya betri.

Walipofika kijitoni, boti ilikuwa imekaa juu ya tope. Maji yalikuwa mbali, mstari mwembamba wa fedha chini kabisa. Percy alitazama saa yake ya mfukoni. Saa nne kasorobo.

"Mpaka saa tano," alisema. "Hapo itaelea."

"Isukume."

"Tani tisa, Win."

Walipita juu ya ubao, wakaingia, wakakaa. Hakukuwa na jingine la kufanya. Redio ilikuwa mapajani mwa Winnie, na Des ndani yake akimtania binti mmoja wa Ipswich aliyeandika kwamba anampenda kuliko baiskeli yake. Percy aliomba aizime. Winnie akakataa. Walikaa hivyo saa nzima na robo, maji yakija sentimita kwa sentimita, mtoto wao akiwachekesha watu wa nchi nzima. Mara moja Percy alishuka topeni mpaka magotini, akaweka bega kwenye boti, akasukuma peke yake mpaka akalia. Haikusogea.

Saa tano ikainuka. Wakatoka mdomo wa kijito, wakaingia kwenye ukungu, na mbele ya pua ya boti hapakuwa na kitu. Dira ya Percy ingemfikisha karibu, lakini karibu si melini, na Grietje huzunguka juu ya nanga yake.

"Nipe redio," alisema.

Aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza polepole kama mtu anayetafuta joto. Redio hizo zina tabia moja ambayo mabaharia wanaijua: ukiielekeza ncha yake kwenye mlingoti unaorusha, sauti hukonda. Percy alizungusha mpaka Des akafifia, akawa kama anasema kutoka chini ya mto wa kulalia.

"Kule."

Wakaenda hivyo. Kila dakika chache Percy aligeuza redio, akampoteza mwanawe, akajua njia, akaushika usukani. Winnie alisema kwamba ndilo jambo alilolichukia kuliko yote ya siku ile, kuona sauti inazimwa na kuwashwa hivyo, na kujua kwamba inapozimika ndipo panapofaa kwenda.

Ubavu wa meli ulitokea ghafla, mwekundu wa kutu, juu yao. Lonnie alikuwa ukingoni, hana kofia, macho yamevimba.

"Bwana Lufkin! Mungu wangu! Simu ya redio ya kuongea na Uingereza serikali imetukatia. Nilitaka kuomba msaada hewani, Des akanikatalia, eti usaili utaharibika. Kapteni amewaita Waholanzi tangu jana, wamekwama na ukungu."

"Yukoje?" Winnie alipaza sauti.

"Ana nafuu, mama! Usiku kucha alikuwa analia, lakini alfajiri maumivu yameacha. Yameacha kabisa!"

Winnie alikuwa ameyaona hayo wodini. Maumivu ya namna ile yakiacha yenyewe, ni kwamba kitu kimepasuka ndani. Hakumwambia Lonnie. Hakumwambia hata Percy.

Walimteremsha juu ya mlango wa chumba cha santuri, waliouondoa kwenye bawaba zake, umefungwa kamba nne. Kapteni Huizinga alisimama ngazini, kofia mkononi, akasema kwa Kiingereza chake cha kuvunjika kwamba sasa anaweza kushuka, anampa ruhusa, zamu ataibeba yeye mwenyewe. Percy akafungua kamba.

Des alikuwa anatetemeka, jasho la baridi, tumbo gumu kama ubao aliolalia. Winnie alimpakata kichwa. Percy alishika usukani, akafungua mashine mpaka mwisho, ukungu au si ukungu.

"Mama. Kumbe hukuja kwa makasia."

Percy aligeuza uso upande mwingine.

"Nyamaza, mwanangu. Pumzika."

"Ijumaa..."

"Ijumaa upo London. Suti nimeshaipiga pasi."

"Sikusema neno, mama. Tangu sheria ianze sijasema hewani hata neno moja. Waambie."

"Nitawaambia."

"Kanda zote tatu nilifanya Jumapili, endapo Crispin asingekuja. Lonnie akasema... sauti yangu imekaa vizuri."

"Imekaa vizuri. Wote tulidhani ni wewe."

Alitabasamu kwa hilo. Baadaye akaomba maji, Winnie akamlowesha midomo kwa kitambaa. Walipofika kwenye boya la kengele, mlangoni mwa bandari, Winnie alimwita Percy kwa jina tu, mara moja, kwa sauti ya kawaida. Percy akapunguza mashine. Haraka ilikuwa imekwisha.

Hakurudi kijitoni. Alikwenda gati kubwa, mchana peupe, akafunga kamba mbele ya kila mtu. Konstebo Goodchild alikuwepo na daftari lake. Walisoma darasa moja, yeye na Percy.

"Percy, umetoka Grietje?"

"Nimetoka."

"Umepeleka nini?"

"Sikupeleka. Nimeleta."

Goodchild akainama, akaona. Akavua kofia yake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, na Winnie aliamini kabisa kwamba hakusema kwa ubaya, ilimtoka tu:

"Mgonjwa anaruhusiwa, Percy. Imo ndani ya sheria. Ungetupigia simu tu. Boti ya uokoaji ipo pale, imeelea siku zote, ingetoka dakika kumi."

Percy hakuinua kichwa. Winnie alisikia, na Percy alijua kwamba amesikia. Nani aliyetaka kuuliza na nani aliyemkataza, nani aliyeficha ugonjwa na nani aliyeficha boti, hayo katika nyumba ile hayakutajwa mpaka Percy anakufa. Winnie alisema kuna siku alitamani mumewe amtukane, apumue.

Walimzika Jumatatu iliyofuata. Jiwe liliandikwa Desmond Lufkin.

Mwisho wa Septemba, Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, Crispin Yeldham alibisha hodi. Suti mpya, maua makubwa, macho hayatulii. Percy alipomwona kupitia dirishani alitoka kwa mlango wa nyuma, akaenda bustanini kuchimba mahali palipokwisha kuchimbwa.

Winnie alimpa chai.

"Bi Lufkin, sijui niseme nini."

"Sema ulikuwa wapi Jumatatu ile."

"London. Waliniita kwa usaili alasiri ile ile. Nilidhani Kapteni atatafuta mtu mwingine. Kweli nilidhani hivyo."

"Ukapata?"

"Nimepata." Aliona haya, lakini furaha ilimshinda, alikuwa na miaka ishirini na tatu. "Tunaanza Jumamosi. Wamechukua wengi wa baharini, mama. Na wametuambia tufanye vile vile tulivyokuwa tunafanya. Vile vile kabisa! Utani, salamu, vibwagizo vya kuimba. Tofauti ni kwamba chumba hakiyumbi, na chai inaletwa kwa kigari."

"Na zamu je?"

"Zamu zipi?"

"Zamu yako ikiisha, na mwenzio hajatokea."

"Ah, hilo?" alisema Crispin. "Kuna mtu wa akiba. Siku zote kuna mtu wa akiba, anakaa tu chumba cha pili anasoma gazeti."

Winnie aliyatazama majani ya chai chini ya kikombe chake.

"Vizuri," alisema.

Crispin akajisogeza mbele. "Nilitaka kukuomba ruhusa. Jumamosi, asubuhi ya kwanza, nimtaje. Nchi nzima itakuwa inasikiliza."

"Utamtaja kwa jina gani?"

"Dusty Marlow. Ndilo watu wanalolijua."

"Basi usimtaje."

"Lakini Bi Lufkin—"

"Maliza chai yako, mwanangu. Treni ya saa tisa ikikuacha, Jumapili hakuna nyingine mpaka jioni."

Akaimaliza. Mlangoni alitaka kumkumbatia, akabadili nia, akampa mkono. Winnie alisimama mpaka akapinda kona, kisha akaosha vikombe viwili, akavifuta, akavirudisha kabatini. Maua aliyaweka kwenye ndoo, nje.

Percy aliingia na udongo mikononi.

"Kaenda?"

"Kaenda."

"Alisema nini?"

"Kapata kazi."

Percy akatikisa kichwa, hakuosha mikono. Alijitupa kwenye kochi na buti zake, na Winnie, ambaye miaka yote hiyo hakuwahi kuruhusu buti juu ya kochi, akamtandikia gazeti chini ya miguu. Kitambo kidogo akawa anakoroma. Winnie akapanda ngazi polepole. Nje kulikuwa bado mchana, watoto wa Ivy wanapiga mpira ukutani, pu, pu, pu. Akavua viatu, akalala juu ya shuka bila kujifunika, uso kaelekeza ukutani. Tangu Agosti hakuwa amepata usingizi bila vidonge. Alingoja kulia, kilio hakikuja. Mpira ulipiga mara nyingine chache, naye akalala.